Rabi Mkimbizi: Abraham Joshua Heschel na Mazungumzo ya Dini



Wengi huamini kwamba anayeketi na watu wa dini nyingine sharti kwanza ailegeze yake. Jioni hii naipinga imani hiyo, na shahidi wangu ni Rabi Abraham Joshua Heschel.

Alizaliwa Warsaw mwaka 1907, katika ukoo wa viongozi wa Wahasidi, kundi la Wayahudi wacha Mungu. Ujanani alisoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Berlin, akaandika tasnifu kuhusu manabii wa Israeli. Alidai kuwa nabii si chombo cha kupitishia sauti tu. Nabii huguswa na uchungu alionao Mungu mwenyewe pale mnyonge anapoonewa.

Oktoba 1938 alikamatwa Frankfurt, akafukuzwa Ujerumani pamoja na maelfu ya Wayahudi wenye uraia wa Poland. Mwaka 1939, wiki chache kabla majeshi ya Hitler hayajaivamia Poland, alitoka Warsaw akaenda London. Mwaka 1940 aliingia Marekani, kwa kuwa Hebrew Union College ya Cincinnati ilikuwa ikiwaalika wasomi wa Kiyahudi waliokuwa hatarini. Mama yake na dada zake watatu walibaki nyuma, na wote waliangamia.

Mtu aliyepatwa na hayo asingelaumiwa kama angewapa Wakristo kisogo. Kwa karne nyingi mimbari za makanisa zilikuwa zimewabebesha Wayahudi wote lawama ya kifo cha Yesu. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipoitishwa, na Kardinali Augustin Bea akapewa kazi ya kuandaa tamko kuhusu Wayahudi, Heschel alikubali kushauri. Aliomba mambo mawili makubwa: Kanisa liikatae lawama ile, na liwatambue Wayahudi kama Wayahudi, si kama Wakristo watarajiwa.

Mwaka 1964 rasimu mpya ya tamko hilo ilitoka ikiwa na tumaini kwamba siku moja Wayahudi wataingia Kanisani. Heschel alijibu kwa maandishi: akilazimishwa kuchagua kati ya kubadili dini na kufa katika kambi ya Wanazi ya Auschwitz, atachagua kufa. Septemba mwaka huohuo, siku chache kabla ya Siku ya Upatanisho ya Kiyahudi, alikuwa Roma mbele ya Papa Paulo VI akilisema hilo ana kwa ana.

Si Wayahudi wote waliomuunga mkono. Rabi Joseph Soloveitchik, msomi mkubwa wa New York, alionya kwamba dini zishirikiane katika mambo ya jamii, lakini siri za imani zisiwekwe mezani. Onyo hilo lina uzito, kwani mdogo akijadili imani yake na mkubwa, huweza kujikuta akiomba kibali.

Tarehe 28 Oktoba 1965 tamko hilo, lililoitwa Nostra Aetate, lilipitishwa kwa kura 2,221 dhidi ya 88, na lile tumaini la kuwaongoa Wayahudi halikuwamo. Kazi hiyo haikuwa ya Heschel peke yake. Tamko hilohilo linawataja Waislamu kwa heshima, na Kardinali Laurian Rugambwa wa Bukoba alikuwa miongoni mwa mababa wa mtaguso huo. Kwa hiyo habari hii inatuhusu.

Mwaka huohuo Heschel aliandamana Selma bega kwa bega na Martin Luther King, kudai haki ya Wamarekani weusi kupiga kura. Kwake, mazungumzo yasiyomfikia anayeonewa yalikuwa maneno matupu. Alifariki mwaka 1972.

Tukirudi kwetu, shehe na askofu hukaa jukwaa moja siku za sherehe, kila mmoja akaomba dua yake, wakaagana. Huo ni ujirani mwema, lakini bado si mazungumzo. Nawaomba wanafunzi wa dini katika chuo hiki: someni vitabu vya jirani yenu kwa bidii ileile mnayosomea vyenu, na pale msipokubaliana naye, mwambieni usoni, kwa adabu. Asiyejua anachokiamini hana cha kuzungumza na mwenzake.