VIJANA: KIBALI MFUKONI, PA KUSIMAMA JE?

  Leo nataka tuzungumze juu ya banda lako, meza yako, toroli lako.

Wote tunamjua kijana huyu. Amekopa, amekwenda Kariakoo kuchukua mzigo, ameupanga kando ya barabara, na kibali kiko mfukoni. Siku ya tatu gari la mgambo linasimama, mzigo unapakiwa, linaondoka. Jioni kijana amebaki na vitu viwili: kibali na deni. Watu wazima wanapita wanasema vijana wa siku hizi hawana akili. Uongo! Akili anayo. Kilichomponza ni mpangilio. Alianza na fedha, akafuata karatasi, mahali hakuuliza kabisa. Mimi nasema tugeuze: kwanza mahali, pili karatasi, tatu fedha.

Kwa nini mahali kwanza? Tazama tulikotoka. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Asiye na kazi inayotambuliwa alikamatwa mjini na kupelekwa kijijini kulima. Ndipo ikaja leseni ya nguvu kazi, karatasi ya mchuuzi ya kuonyesha kwamba si mzururaji. Leseni hiyo ikafutwa mwaka 2003. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2006, mabanda yakabomolewa Dar es Salaam na wachuuzi wakafukuzwa barabarani.

Desemba 2018 Rais Magufuli akawapa wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000. Watu wakapumua, maana ushuru wa kila siku na purukushani za mgambo zilipungua. Lakini mwaka 2021 amri ilitoka Dar es Salaam kwamba wamachinga waondoke barabarani na kwenye hifadhi za barabara, waende maeneo waliyopangiwa. Aliyekuwa na kitambulisho aliondoka, asiyekuwa nacho aliondoka pia.

Umeona? Karatasi zimebadilika jina na rangi, lakini hakuna hata moja iliyokupa ardhi ya kusimama. Ilikuruhusu kuuza tu. Kwa hiyo kabla ya kununua hata mche mmoja wa sabuni, nenda ofisi ya mtendaji wa kata, umuulize waziwazi: eneo hili limetengwa kwa biashara ndogo, au ni hifadhi ya barabara? Ukiwa sokoni, kama Temeke Sterio au Tandale, muone mwenyekiti wa soko na afisa masoko. Ukipanga fremu ya mtu, andikishaneni mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Mkataba huo utaulizwa utakapoomba leseni.

Na ijue manispaa yako. Tangu Ubungo ilipokatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke, wako vijana wa Manzese wanaopoteza nauli kwenda Kinondoni wakati ofisi yao ni Ubungo.

Sasa karatasi. Leseni za biashara zinatolewa chini ya sheria ya mwaka 1972. Biashara nyingi za mtaani, kama duka la rejareja, saluni au genge kubwa, leseni zake hutolewa na halmashauri. Utahitaji namba ya mlipakodi, ambayo TRA hutoa bila malipo, na kitambulisho cha taifa. Ukitaka biashara iwe na jina lake, sema "Mbagala Fundi Simu", jina hilo linasajiliwa BRELA. Ukiuza chakula, afya yako itapimwa, na bwana afya atakuja kutazama jiko na choo.

Mchuuzi mdogo kabisa, asiyefikia leseni, anaandikishwa katika utaratibu wa wafanyabiashara wadogo. Muone afisa maendeleo ya jamii.

Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni. Kitambulisho cha 2018 kililenga mtu mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Sikiliza vizuri: mauzo, si faida. Gawanya milioni 4 kwa siku 365, unapata kama shilingi 11,000 kwa siku. Muuza chipsi anayeuza 30,000 kwa siku anakaribia milioni 11 kwa mwaka, ingawa mwenyewe anajiita mlalahoi. Huyo ni wa TRA, apende asipende.

Basi nunua daftari. Andika kila ulichonunua na kila ulichouza. Kwa viwango vilivyopitishwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya milioni 5 asiye na kumbukumbu alitakiwa kulipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani shilingi 30,000. Daftari la shilingi elfu moja limemwokolea mtu elfu sabini! Viwango huguswa katika bajeti ya kila mwaka, kwa hiyo uliza vya mwaka huu, lakini daftari usiliache.

Na neno la "chai". Ada ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kwa simu au benki, na risiti inatoka. Anayetaka umtumie kwenye namba yake, au umwachie mezani, hiyo si ada. Namba ya TAKUKURU ni 113 na haikatwi salio.

Tatu, fedha. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakusema usikope. Walisema ujue unachokopa.

Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 mikopo hiyo haina riba. Fedha hizo zinatoka kwenye ushuru na leseni ambazo wewe na mama yako mmelipa sokoni. Si hisani ya kigogo, na hupaswi kuulizwa kadi ya chama chochote.

Njia yake ni kikundi: katiba, akaunti ya benki, usajili wa halmashauri na andiko la mradi. Unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Lakini usikusanye majina ya kijiweni ili mradi idadi itimie. Aprili 2023 mikopo hii ilisimamishwa nchi nzima, baada ya Mkaguzi Mkuu kukuta mabilioni hayajarejeshwa na vikundi vingine havipo kabisa. Ilirudi mwaka 2024. Muda wote huo vijana waliokuwa na vikundi vya kweli walikaa wakisubiri kwa sababu ya vikundi hewa. Chagua watu ambao ungewaachia ufunguo wa banda lako.

SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, lina mfuko wa NEDF ulioanza mwaka 1994 kwa ajili ya wajasiriamali wadogo. Pia hufundisha ufundi na usindikaji. Kama unatengeneza sabuni, siagi ya karanga au batiki, anzia huko kabla ya kwenda TBS kutafuta alama ya ubora. VICOBA na SACCOS nazo zina faida yake: unaweka akiba kwanza, kisha unakopa kwa watu wanaokujua.

Sasa hao wa "kausha damu". Sema amekupa 100,000, urudishe 130,000 kwa siku 30, kila siku 4,300 na ushee. Unadhani riba ni 30,000 tu? Fikiri tena. Kesho yake tu umeanza kurejesha. Ikifika siku ya 15 umekwisha kulipa 65,000. Kwa wastani ulikuwa na nusu tu ya fedha mkononi, lakini riba umelipa ya laki nzima. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu iliweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni za mikopo midogo. Novemba 2024 Benki Kuu hiyo hiyo ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya simu yaliyokuwa yakiendeshwa bila kibali. Kabla ya kuweka sahihi, au kubonyeza "kubali", omba kuona leseni. Akikasirika, jibu umelipata.

Vijana wenzangu, kila utawala umekuja na karatasi yake, na mwingine utakuja na nyingine. Ipokee, itumie. Lakini Jumatatu nenda ofisi ya kata na maswali matatu: nisimame wapi, nahitaji karatasi gani, na fungu la vijana la mwaka huu limefikia wapi? Wasipokujibu, rudi Jumanne, tena mwende watano. Watano hao hao ndio wanaweza kuwa kikundi chenu.