Anza na gunia moja

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya vikundi vya akina mama na vijana, Mtwapa, Kaunti ya Kilifi

  

Niseme mapema kwamba mimi si bwana shamba. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuwaletea habari za kaunti. Maafisa wa kilimo wameketi pale nyuma, nikikosea watanikosoa. Nimeombwa niongee kwa sababu moja tu: niliwahi kuanzisha bustani nyumbani ikanishinda, na ninajua pesa zangu zilipotelea wapi.

Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Alipopimwa kliniki, damu ikapatikana iko chini. Akapewa tembe za kuongeza damu, na akaambiwa ale mboga za majani kila siku. Tembe alipewa bure. Mboga za kila siku ndizo zilizotutoa jasho, maana fungu likinunuliwa Jumatatu limekwisha Jumatatu. Nikajiambia, mimi ni mwanamume mwenye elimu yangu, nitapanda mwenyewe.

Nikaingia madukani. Nikanunua vyungu sita vya plastiki, mpira wa maji, udongo uliofungwa kwenye mfuko kama unga, na pakiti za mbegu za nyanya, maharagwe, karoti na pilipili hoho. Zaidi ya shilingi 4,000 zilikwenda kabla mbegu hata moja haijaingia ardhini. Nikapanda, nikamwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya kisima cha ploti. Wiki ya tatu majani yakaanza kukauka kingo, kama karatasi iliyopitishwa motoni. Mwezi ulipokwisha nilikuwa na vyungu sita vya udongo mtupu.

Mama mmoja wa ploti ya jirani alikuwa akiniangalia siku zote hizo. Akaniuliza, "Mwanangu, hayo maji umeyaonja?" Nikayaonja. Chumvi tupu.

Kwa hivyo, ndugu zangu, la kwanza halina gharama: onja maji yako. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na maharagwe, karoti na vitunguu ndivyo vinavyoumia upesi zaidi. Spinachi huvumilia kiasi. Kama maji yako ni ya chumvi, usishindane nayo. Tumia yale uliyokwisha kuyalipia mara moja: maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, hata ya kusuuzia vyombo yenye sabuni kidogo, mradi hayana mafuta mengi wala dawa ya kutoa madoa. Yamwage kwenye udongo, si juu ya majani. Mvua za masika zikifika, kuanzia Aprili, kinga kila tone la paa lako, na pipa ulifunike ili lisiwe maskani ya mbu.

Sasa tuje kwa gunia. Nawahimiza gunia kwa sababu wengi wetu hapa Mtwapa ni wapangaji. Ukihama, unahama nalo, au angalau na udongo wake. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, wakazi wengi wa Kibera walianzishiwa kilimo cha magunia, na kule hakuna hata pa kugeuzia mkokoteni. Gunia la mchele la kilo 50 latosha. Mwombe mwenye hoteli au mwenye duka, wengine huyatupa.

Udongo msinunue. Chukueni karai mbili za udongo wa kawaida kwa karai moja ya samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza sawasawa. Iliyooza haina harufu kali, na ukitia mkono katikati ya lundo husikii joto. Ya kuku ikiwa mbichi huunguza miche, jambo hilo pia nimelifanya. Chukua kopo kubwa la mafuta ya kupikia, ulikate kitako, ulisimamishe katikati ya gunia. Ndani ya kopo tia kokoto, pembeni tia udongo. Ukijaa, livute kopo juu, ujaze tena, hadi gunia lijae. Mwishowe kopo unaondoka nalo, na ndani ya gunia imebaki nguzo ya kokoto. Hiyo ndiyo njia ya maji kufika chini. Bila hiyo nguzo, juu patalowa na chini patabaki vumbi, na utadhani mbegu ndizo mbaya.

Kisha toboa matundu ubavuni, kila moja mbali na mwenzake kwa shibiri moja, yasiwe mstari mmoja wa kushuka. Ubavuni panda sukuma au spinachi. Juu ya gunia panda mchicha au vitunguu.

Mbegu je? Hapa ndipo wanaoanza hutoboka mifuko bure. Yule mama jirani hakununua pakiti hata moja. Sukuma alipanda vichipukizi vilivyoota ubavuni mwa shina kuukuu: unakibandua, unakiweka kivulini, unakimwagilia hadi kishike mizizi. Matembele ni kukata kamba tu na kuichomeka ardhini. Kitunguu cha majani, ukikata upikie, kibakishe kile kipande chenye mizizi ukirudishe udongoni. Mchicha aliacha miti miwili izae, na mbegu za miti miwili ya mchicha zinatosha nyumba yako na za majirani. Ni ndogo sana, kwa hivyo zichanganye na mchanga mkavu unapozisia, la sivyo zote zitaangukia pahali pamoja.

Kunde nunua kwenye duka la nafaka, zile zile za kupika. Lakini kwanza chukua kumi, zifunge kwenye kitambaa kibichi siku tatu au nne. Zikiota saba au nane, panda. Zikiota mbili, pika. Na mbegu yoyote iliyopakwa dawa ya rangi isiingie jikoni kamwe.

Nyanya ziacheni kwanza. Najua kila mtu anazitaka. Zina magonjwa mengi na zinataka dawa, na anayeanza akivunjika moyo kwa nyanya hatarudi tena bustanini. Mchicha na majani ya kunde utavichuma baada ya wiki tatu au nne, na mtu akishakula jasho lake mara moja, hahitaji hotuba nyingine.

Wadudu wapo. Vidukari vikijaa chini ya majani, kwangua sabuni ya kipande kijiko kimoja cha chai, ukoroge katika lita moja ya maji, unyunyize jioni. Mwarobaini tunao kila kona: twanga majani, yaloweke usiku kucha, chuja, nyunyiza. Majivu nyunyiza kidogo tu, kwa sababu ardhi yetu ya matumbawe tayari ina chokaa. Ikibidi ununue dawa ya dukani, soma kibandiko kinasema usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma, uzisubiri zote. Kumbukeni mboga hizi anakula mama mjamzito na mtoto.

Adui mkubwa kuliko wadudu ni kuku. Zungushia fito, au chandarua kizee kilichoraruka kisichofaa tena. Nimesema kizee. Kile mlichopewa kliniki ni cha kulalia.

Juu ya udongo tandazeni makumbi ya nazi au nyasi kavu, jua letu mnalijua. Na mnapochuma sukuma, chumeni majani ya chini, mwacheni kichwa chake.

Mimi nilianza upya kwa gunia moja alilonisaidia kulijaza yule mama. Damu ya mke wangu ilipanda kwa tembe, siwezi kuwadanganya kwamba ni mchicha, na yeyote aliyepewa tembe azimeze. Lakini tangu lile gunia lilipoanza kutoa hadi alipojifungua, pesa ya mboga ilibaki nyumbani, tukanunulia mayai na samaki.

Vile vyungu sita bado ninavyo. Kimoja kina mchaichai, vingine mtoto anachezea.

Maswali ya magonjwa na ya udongo wapelekeeni maafisa wa kilimo, kila mmoja atawaambia ni siku gani anapatikana katika wadi yenu. Sasa tutoke nje. Gunia liko chini ya ule mwembe, na kokoto zimeletwa. Nani amekuja na kisu?