Tusali Tunaposafiri, na Tutumie Akili Aliyotupa Mungu

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu wa dini kwa wanajumuiya wa Ijumbi, Wilaya ya Muleba, baada ya sala ya jioni.)



Leo nataka tuzungumze juu ya safari. Hapa kwetu hakuna asiyesafiri. Mmoja anakwenda Muleba sokoni. Mwingine anapeleka mgonjwa Rubya au Ndolage. Mwingine anakwenda Bukoba, na mwingine anavuka ziwa mpaka Mwanza. Mtu akitoka nyumbani, mama yake humwambia, "Haya, nenda na Mungu." Maneno hayo ni mazuri sana. Lakini hebu tujiulize: kwenda na Mungu maana yake nini?

Swali hili watu wa Kagera tunalijua kwa machozi. Jioni ya tarehe 20 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba kwenda Mwanza. Ilipita Kemondo, ikachukua abiria wengine pamoja na mizigo. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei, Mwanza ikiwa karibu kabisa, meli ilipinduka, kisha ikazama. Ilikuwa imetengenezwa kuchukua abiria 430. Waliokuwamo walikuwa wengi kupita kiasi hicho. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba watu zaidi ya 800 walikufa. Wengi wao wamezikwa Igoma, Mwanza. Vijiji vyetu vililia, na mpaka leo ziko nyumba ambazo mwezi wa Mei ukifika hazina raha.

Sasa, je, mnadhani katika meli ile hapakuwa na watu waliosali? Bila shaka walikuwapo. Walikuwapo akina mama wenye rozari, walikuwapo walioagwa kwa sala kama sisi tunavyoagana. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kama Mungu alikuwapo, mbona watu wetu hawakufika?" Sikumjibu upesi. Swali la namna hiyo halijibiwi upesi.

Lakini nilimwambia kwanza mambo mawili ambayo tusiyaseme.

La kwanza, tusiseme kwamba waliokufa walikuwa na dhambi kuliko sisi, au sala yao ilikuwa ndogo. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Alikataa kabisa kwamba wale walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu. Basi na sisi tusiwahukumu marehemu wetu.

La pili, tusimsingizie Mungu makosa ya watu. Meli haijazwi na Mungu. Hujazwa na watu. Tukisema tu, "Ni mapenzi ya Mungu," halafu kesho tukapanda mtumbwi uliojaa mpaka maji yanachungulia ndani, tutakuwa hatujajifunza kitu.

Ndugu zangu, sala si hirizi. Mwenye hirizi anafikiri hakuna baya litakalompata. Mwenye kusali anajua kwamba yuko na Baba yake, njia ikiwa nzuri au ikiwa mbaya, akifika au asipofika. Shetani alimwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, malaika watamdaka. Yesu alikataa. Alisema si halali kumjaribu Mungu. Basi mtu anayepanda pikipiki na wenzake watatu, dereva amelewa, akasema, "Mungu atatulinda," huyo anasali au anamjaribu Mungu? Jibuni wenyewe.

Tumtazame Mtume Paulo. Habari yake iko katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Alikuwa mfungwa, anapelekwa Roma kwa meli. Majira ya kusafiri yalikuwa yamepita. Paulo aliwaonya wenzake kwamba safari hiyo ina hasara. Hawakumsikia, wakamsikiliza nahodha na mwenye meli. Dhoruba ikawapiga siku nyingi, hata wakakata tamaa. Mungu akamtuma malaika kumwambia Paulo kwamba hakuna hata mmoja atakayekufa.

Je, Paulo alikaa kitako akingoja? Hapana. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua ndogo, alimwambia akida wazi kwamba bila hao watu hawataokoka. Aliwashauri wale chakula wapate nguvu. Wakala, wakapunguza mzigo, wakatupa ngano baharini. Meli ilivunjika. Lakini watu wote 276 walifika pwani ya Malta, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Ahadi ilitoka kwa Mungu, na watu wakafanya kazi kwa mikono yao.

Na hapa Bukoba tumeona mikono ya namna hiyo. Jumapili, tarehe 6 Novemba, 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa ndege. Ilikuwa na watu 43. Watu 19 walikufa, na 24 wakaokoka. Waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Wavuvi wale hawakungoja kuambiwa. Mimi nikiulizwa Mungu alikuwa wapi asubuhi ile, nasema alikuwa na waliokufa akiwapokea, na alikuwa na wavuvi akiwatia nguvu za kupiga makasia.

Basi, tunapotaka kusafiri, tufanye hivi:

1. Tusali kabla ya kutoka, sisi na wale tunaowaacha nyumbani.
2. Tukiona chombo kimejaa, tusipande. Kuchelewa siku moja si dhambi.
3. Majini tuvae jaketi la kuokolea. Kwenye pikipiki tuvae kofia ngumu.
4. Dereva akikimbiza gari, tumwambie. Tusinyamaze kwa aibu.
5. Tukifika, tushukuru, na tuwapelekee habari wa nyumbani.

Sisi tuliojifunza kusoma tuna kazi moja zaidi. Ukutani mwa chombo huandikwa idadi ya abiria. Zamani tulipita tu. Sasa tuisome, na tuwasomee wenzetu wasiojua kusoma.

Natusimame, tusali:

Ee Baba, njia zote unazijua. Kaa nasi tunapotoka na tunaporudi. Utupe akili ya kuona hatari na moyo wa kuisema. Uwapumzishe ndugu zetu waliobaki ziwani, na uwafariji wanaowalilia. Tukifika, tukushukuru. Tukikutana na mabaya, usituache mkono. Amina.