Ule Udongo Tuliouacha Nyumbani

Mazungumzo kwenye sherehe ya 9 Desemba, Yeoville

Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, vijana, na ninyi watoto mliokaa mbele mkinusa pilau: shikamooni wakubwa, na wadogo nawaitikia marahaba kabla hamjanisalimia.

Nimeombwa nizungumzie uhuru. Nitazungumzia udongo, na Mwenyekiti atanivumilia.

Watoto, mkipanda teksi kwenda Soweto mnaiona ile milima ya njano kusini mwa jiji. Ile si milima. Ni mawe yaliyochimbwa chini ya ardhi tangu dhahabu ilipogunduliwa hapa mwaka 1886. Yalisagwa, dhahabu ikatolewa, mchanga ukamwagwa. Upepo wa Agosti ukivuma, vumbi lake linaingia mpaka kwenye sufuria za watu wa huko. Mvua inanyesha pale kama inavyonyesha Yeoville, lakini nyasi huota kwa shida. Mchanga ule una tindikali, na hauna mboji. Haujawahi kukaliwa na mizizi wala minyoo.

Mboji ni ule weusi unaouona ukifukua chini ya mti. Zaidi ya nusu yake ni kaboni. Jani linaivuta kutoka hewani, mzizi unaipeleka chini, mzizi ukifa vijidudu wanaula, na sehemu inabaki imeshikana na udongo kwa miaka mingi. Udongo wa dunia nzima umehifadhi kaboni nyingi kuliko hewa yote na mimea yote kwa pamoja. Ukichoma mabua kila mwaka na kulima bila kurudisha kitu, inarudi hewani. Kutoka inatoka upesi, kurudi inarudi polepole sana.

Jaribuni hili. Tafuta bonge la udongo mkavu penye nyasi, na lingine kwenye kiwanja kinachofagiliwa kila siku. Yaweke polepole kwenye glasi mbili za maji. Lenye mboji litakaa na umbo lake. Lile lingine litamomonyoka, maji yawe tope. Hivyo ndivyo shamba linavyofanya mvua ikinyesha.

Sasa twende kwetu Shinyanga. Wazee Wasukuma walikuwa na ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua, nyasi zikue, halafu linafunguliwa kiangazi kikali, wakati ng'ombe hawana pengine pa kula. Wakoloni hawakuona thamani ya mambo hayo. Walifyeka misitu kuwaua mbung'o, wakahimiza pamba, kisha ardhi ilipochoka wakaja na amri: piga matuta, punguza ng'ombe, usipofanya utatozwa faini. Watu walizichukia amri zile, na chuki hiyo ilikuwa sehemu ya siasa za uhuru Kanda ya Ziwa. Lakini tuseme ukweli, maana leo ni siku yetu wenyewe: baada ya uhuru nasi tuliendelea kufyeka. Watu walipohamishiwa vijijini miaka ya sabini, ngitili nyingi ziliachwa nyuma bila mwenyewe. Mkoa ukafika mahali pa kuitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni kulikuwa na vitalu vya miche na miti ya kigeni. Kilichofanya kazi zaidi ni kuwauliza wazee, nao wakajibu: fungeni ngitili. Mikutano ya vijiji ikaweka sheria, sungusungu wakalinda. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua vyenyewe. Mwanzo zilikuwa hekta mia chache tu zilizoandikwa. Kufikia mradi ulipoisha, mwaka 2004, zilikuwa zaidi ya 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002, mwaka ambao wakuu wa dunia walikutana Sandton hapo kuzungumzia mazingira, HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wengi wetu tulikuwa hapa tayari tukiuza vitu barabarani, na hatukujua kwamba ni kwetu kunakosifiwa.

Mimi hasa sikujua. Mwaka 2009 nilimtumia mdogo wangu pesa akodi trekta, aifyeke ngitili ya marehemu baba na kupanda pamba. Nilijiona ninaleta maendeleo. Miaka mitatu ilikuwa mizuri. Mwaka wa nne mama akaniambia kwenye simu, "Mwanangu, siku hizi mvua haiingii ardhini, inapita tu." Nikadhani ni maneno ya uzee. Nilipokwenda kumzika, nilikuta korongo limekata shamba katikati, mimi nasimama ndani nikafika kifuani. Kaboni aliyoilinda baba miaka thelathini niliimaliza kwa pesa za M-Pesa.

Nimeulizwa kama kaboni inalipa. Magharibi mwa Kenya, wakulima wadogo waliojiunga na mradi wa Vi Agroforestry walipata hati za kwanza za kaboni ya udongo mwaka 2014. Fedha zilizomfikia kila mkulima zilikuwa kidogo, faida kubwa ilikuwa mahindi. Tanzania ina kanuni za biashara hiyo tangu 2022. Kwa hiyo ndugu zenu wakipiga simu kwamba kuna watu wamekuja na mkataba wa kaboni, msiseme ndiyo kwa furaha. Ulizeni ni wa miaka mingapi, ng'ombe watachungwa wapi, na nani anatia sahihi kwa niaba ya watoto hawa waliokaa mbele.

Mwezi Januari ninakwenda. Mdogo wangu ameshazungushia miiba nusu ya shamba. Nusu nyingine dada yetu anaitaka kwa mahindi, naye ana haki, ana watoto wanne. Tutakaa. Safari hii sipeleki pesa ya trekta. Napeleka ya kununua majani ya ng'ombe kwa misimu miwili, maana huwezi kumwambia mtu afunge malisho huku mifugo yake inakufa.

Mwenyekiti, nimeona mama anafunua sufuria. Naishia hapo.