Kumega Kidogo Kidogo
Mazungumzo kwa wanakisomo wa Gairo



Mmoja wenu alituletea barua juu ya mpaka wa shamba lake. Ndani yake mlikuwa na neno la Kiingereza, "encroach". Akauliza, "Mwalimu, hili si ndilo kuvamia?" Tukamjibu: sivyo hasa.

Anayevamia huja kwa kishindo, kila mtu akaona. Neno hili ni kumega: kuingia mahali pa mwenzako polepole, bila haki. Asili yake ni Kifaransa cha zamani, katika neno la kulabu. Na kulabu ikishanasa haiachii. Waingereza hufuatisha kijineno "on", kisha hutaja kinachomegwa: shamba, njia, hata haki ya mtu.

Hebu tutazame hapa kwetu. Jirani analima mahindi, anaongeza tuta moja ng'ambo ya mpaka. Mwakani tuta jingine. Nani atagombana kwa hatua moja? Lakini miaka 10 ni hatua 10, na watoto wenu watarithi shamba lililopungua. Haba na haba hujaza kibaba. Kumbe kibaba nacho humalizika haba na haba.

Si watu tu wanaomega. Korongo humega shamba kila mvua zikinyesha. Bahari nayo ilikimega kisiwa cha Maziwe, karibu na Pangani. Zamani kilikuwa na miti. Ilipofika miaka ya 1980 kilikuwa fungu la mchanga tu, linalofunikwa maji yakijaa.

Na sisi wenyewe je? Tukilima hadi ukingoni, tunaumega mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tusimlaumu jirani huku jembe letu limo mtoni.

Tufanyeje basi? Mmejua kusoma, kuandika na kuhesabu; vitumieni. Pandeni mkonge mpakani, jirani akiwapo pamoja na mashahidi. Pimeni kwa kamba, andikeni vipimo na tarehe, wote mtie sahihi. Ukiona tuta la kwanza limevuka, kaseme na jirani kwa upole. Msiposikilizana, nendeni kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Liliwekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ili kusuluhisha.

Tusingoje tuta la kumi.