Mkopo Hupimwa kwa Mavuno

Leo tuzungumze juu ya wenzetu wenye ulemavu hapa Ufipa. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Kati yake, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024.

Je, inasaidia? Usihesabu fedha zilizotolewa tu. Ukitaka kuijua mbolea, unaitia tuta hili na kuliacha lile, kisha unalinganisha. Basi fanyeni vivyo hivyo. Kabla ya mkopo, andikeni kila mwanachama anafanya kazi gani na anapata nini. Baada ya mavuno mawili, andikeni tena. Halafu tazameni wenzao wasiokopa: mvua ikiwa njema wote hupata, mkopo usijisifu bure.

Na yule asiyeweza kulima ntumba, amepewa kazi aiwezayo, kama kuchagua mbegu za maharage au kutunza hesabu? Au jina lake limewekwa tu ili kikundi kipate fedha? Muulizeni mwenyewe, siyo jamaa zake.