Mdomo wa Neli Usimwelekee Mtu

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wanakisomo waliohitimu, baada ya kutembelea maabara ya shule ya sekondari ya kata yao.)



Asubuhi hii tumeingia pamoja katika maabara ya shule yetu. Wengi wenu mlikuwa hamjaingia humo tangu mlipobeba mawe na mchanga wa kuijengea. Mnakumbuka, mwaka 2014 vijiji vingi vya Tanzania vilichangia nguvu na fedha ili sekondari za kata zipate maabara. Jengo lile ni jasho lenu. Basi ni haki yenu kujua watoto wanafanya nini humo, na wanalindwaje.

Mzee mmoja alituuliza: "Mwalimu, kile kichupa chembamba kama kidole, mtoto anakipasha moto kwa nini? Na mbona mwalimu wake alimkemea akigeuzie ukutani?" Swali zuri. Tulijibu sote.

Neli ni kitu gani?

Kichupa kile huitwa neli ya majaribio. Wanafunzi wengi huiita testitubu. Ni ya kioo, ndefu, nyembamba, na mdomo wake uko wazi. Mwanafunzi hutia humo maji au dawa kidogo, akapasha moto, akaangalia kitakachotokea. Rangi ikibadilika, au hewa ikitoka, anajifunza jambo.

Kwa nini neli hutema?

Akina mama mnajua uji mzito. Usipoukoroga, chini unapata moto sana kuliko juu. Mara mvuke unapasua njia, na tone la uji linakurukia mkononi. Si ndiyo? Neli nayo ni hivyo hivyo, tena ni hatari zaidi. Lita 1 ya maji ikigeuka yote kuwa mvuke hujaza nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Katika sufuria pana mvuke hutoka kwa urahisi. Katika neli njia ni moja tu, nayo ni nyembamba. Mvuke ukizaliwa ghafla chini, husukuma maji yote yaliyo juu yake. Maji ya moto yanaruka nje kwa nguvu, kama mtu aliyetema.

Sisi wenyewe tuliliona hilo tulipokuwa chuo cha ualimu. Tulikuwa tunachemsha maji matupu, hayana dawa yoyote. Tukasema moyoni, maji tu, yatafanya nini? Tukaishika neli wima, moto chini kabisa, huku tunapiga soga. Mwenzetu akainama kuchungulia. Maji yakaruka yakamwunguza shingo na shavu. Kama yangepanda kidogo tu, yangeingia jichoni. Alama ile anayo mpaka leo. Kila tukikutana anatucheka, lakini sisi hatucheki.

Watu husema ajali haina kinga. Ndugu zetu, ajali hii inayo kinga. Wala si ya fedha. Sikilizeni.

Kanuni za kupasha moto neli

1. Usijaze. Kilichomo kisizidi theluthi moja ya neli.

2. Kagua kwanza. Neli yenye ufa isitumike. Ikiwa imelowa kwa nje, ifutwe.

3. Usishike kwa vidole. Tumia koleo yake, na ishike karibu na mdomo wa neli.

4. Ilaze neli kidogo, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Usiisimamishe wima.

5. Mdomo wa neli usimwelekee mtu yeyote: si mwenzako, si mwalimu, wala wewe mwenyewe. Usichungulie ndani.

6. Anza kupasha sehemu ya juu ya maji, kisha shuka polepole. Ipitishe neli motoni huku na huku na kuitikisa taratibu. Hiyo ndiyo kazi ya mwiko kwenye uji.

7. Usiizibe neli inayopata moto. Mvuke ukikosa njia, kioo kitapasuka.

8. Kioo cha moto na kioo baridi huonekana sawa kwa macho. Ukimaliza, iweke neli mahali pake ipoe. Usiitie katika maji baridi, itapasuka.

Spiriti haipashwi juu ya moto

Liko jaribio moja ambalo karibu kila mwanafunzi hulifanya. Hutafuta kama jani la mmea lina wanga. Jani huchemshwa kwanza kwenye maji. Kisha hutiwa katika neli yenye spiriti ili rangi ya kijani itoke. Halafu huoshwa na kudondoshewa iodini. Likigeuka buluu iliyokaribia weusi, wanga upo.

Hatari iko kwenye spiriti. Mvuke wake hushika moto upesi kama petroli. Kwa hiyo moto huzimwa kwanza, kisha neli husimamishwa ndani ya chombo chenye maji ya moto. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, na maji kwenye nyuzi 100. Basi maji yale yanatosha kuichemsha bila moto wowote. Mtoto akikwambia waliweka spiriti juu ya moto, usinyamaze. Nenda kaonane na mwalimu.

Mtu akiungua

Mwagia mahali palipoungua maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala unga. Kikiingia kitu jichoni, lioshe likiwa wazi kwa maji safi yasiyo ya moto, dakika 15 au zaidi. Kisha mpeleke zahanati haraka.

Kazi yetu wazazi

Ndugu zetu, msiseme "sisi hatukusoma sayansi." Kuuliza hakuhitaji cheti. Katika mkutano wa wazazi tuulize: Je, watoto wana miwani ya kukinga macho? Ndoo ya mchanga ya kuzimia moto ipo? Maji yapo karibu? Mwalimu huwepo muda wote wa majaribio? Kikikosekana kitu, tushauriane namna ya kukipata. Tuliweza kusomba mawe, miwani haitatushinda.

Na leo usiku, mwambieni mtoto awafundishe namna ya kushika neli. Atumie kijiti tu. Akikuelekezea mdomo wa kijiti, mrudishe nyuma aanze upya.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini neli hutema maji kuliko sufuria?
2. Kwa nini spiriti haipashwi juu ya moto?
3. Katika maabara ya shule yetu kunakosekana nini, na nani atafuatilia?